Somo Lililoeleweka

Mwalimu Abdias alikuwa na njia yake ya kusema uongo, na kwa muda mrefu alidhani ni yeye peke yake anayeijua.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi mno, hata kuieleza ni aibu. Sheria ya shule za sekondari inataka somo litolewe kwa Kifaransa. Hapa Kamina hakuna anayeifuata mpaka mwisho, kwa sababu mtoto anayeota kwa Kiluba na kugombana kwa Kiswahili hawezi kushibishwa historia kwa Kifaransa kitupu. Kwa hiyo kila mwalimu huwapa watoto imla kwa Kifaransa, wakaandika, kisha huweka chaki chini na kueleza kwa Kiswahili. Na katika kueleza, Abdias alikuwa bingwa. Alipoweka chaki chini, hata wale wa benchi la nyuma waliacha kuchorana mikononi kwa kalamu. Alitembea katikati ya madawati, akaiga sauti ya mzungu wa reli, akaiga chifu aliyekataa kodi, akauliza maswali ya mtego, akacheka mwenyewe, na kengele ikilia watoto walinung'unika.

Lakini likifika somo ambalo mwenyewe haliamini, Abdias haweki chaki chini. Anakaa. Anasoma imla kwa Kifaransa tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya mizigo, anafunga kitabu, anatoka. Haelezi kitu. Alijiambia kwamba uongo huo ni wa kitabu, si wake. Alikuwa Mmetodisti, mtoto wa mwalimu na mjukuu wa mwalimu, na alitaka siku moja afike mbele ya Mungu na ulimi safi. Msimcheke sana. Wengine wetu hatuna hata hicho kificho kidogo.

Tangu mwaka jana masomo ya kukaa kitini yaliongezeka. Kilikuja kijitabu chenye jalada la kijani, historia ya sehemu zetu, kilichochapishwa kwa fedha za Mheshimiwa mmoja. Jina lake silitaji, na wala halina haja ya kutajwa, maana limepakwa rangi kwenye madawati mapya, kwenye bomba la maji, na juu ya mlango wa kila darasa la jengo jipya. Na pamoja na kijitabu akaja Précieux.

Précieux alikuwa katibu wa Mheshimiwa, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa, sauti ya upole. Kila Jumatano alikuja shuleni, akakaa benchi la mwisho la darasa la sita, lile la kumalizia sekondari, magoti yakigonga dawati, akafungua daftari akaandika pamoja na wanafunzi. Hakumkaripia mtu hata mara moja. Aliuliza hali ya kila mmoja, na hapo ndipo palipotisha. Siku moja alimwuliza Abdias kama mtoto wake wa mwisho amepona kikohozi. Abdias alijibu kwamba amepona, akashukuru, na alipofika nyumbani akakumbuka kwamba habari za kikohozi hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kabla ya Abdias, darasa hilo lilikuwa la mwalimu Ariel. Ariel alipopewa kijitabu alikirudisha ofisini, akasema mbele ya walimu wote kwamba yeye ameajiriwa kufundisha, si kutangaza biashara. Wiki iliyofuata aliitwa mahali akajibu maswali machache. Yalikuwa maswali ya wiki sita. Siku hizi anauza vocha za simu karibu na gare, pale kituo cha reli, na lolote utakalomwuliza, bei, saa, hali ya nyumbani, anajibu "Eyo" huku akitazama viatu vyako. Eyo ni ndiyo ya Kiluba. Abdias alinunua vocha kwake kila wiki, hata simu ikiwa imejaa salio.

Sasa, katika kijitabu kile kulikuwa na kurasa mbili ambazo Abdias alizipita kwa haraka hata alipokuwa akizipekua peke yake. Zilihusu moto wa Nsamba-Mayi.

Nsamba-Mayi ilikuwa bandari ndogo ya samaki kwenye mto Lualaba, upande wa Mulongo. Miaka tisa iliyopita iliteketea asubuhi moja, na watu wengi wakafa. Kijitabu kilisema walioichoma ni watu wa msituni, na kwamba aliyewafungulia njia ni mfanyabiashara mmoja mgeni aitwaye Abedi, aliyewavushia risasi kwa mtumbwi wake. Kikaongeza kwamba Mheshimiwa, ambaye wakati ule alikuwa mnunuzi wa samaki tu, ndiye aliyewaokoa wananchi.

Abdias alikuwako. Wakati ule alifundisha shule ya msingi ya pale pale bandarini. Watu wa msituni wiki ile hawakuonekana hata unyayo. Waliokuja ni vijana wa Mheshimiwa, na Abdias aliwajua kwa sura, kwa kuwa siku chache kabla walipita kuwaambia wavuvi kwamba kuanzia sasa samaki wote wauziwe bosi wao, na wavuvi wakawacheka mbele za watu. Waliporudi walikuwa na bunduki. Abedi, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, mnunuzi wa samaki wakavu, alikuwa na mtumbwi mkubwa wa injini wenye kiraka cha bati ubavuni. Aliwavusha watoto wa shule ng'ambo ya mto safari tatu. Katika safari ya tatu, chini ya nyavu, katikati ya watoto, alilala mwalimu wao amejikunyata. Abedi akarudi kwa safari ya nne, kuwafuata akina mama. Hakuonekana tena, yeye wala mtumbwi.

Kwa hiyo Abdias anapumua leo kwa sababu ya Abedi. Jambo hilo Kamina walilijua watu wawili tu: Béthanie, mke wa Abdias, na Sauda, mjane wa Abedi, anayeuza vitenge na sabuni sokoni. Sauda alibaki na binti mmoja, Yasmina, ambaye siku ya moto alikuwa na miaka minane na alikuwa huku mjini kwa nyanya yake. Yasmina alikua akiona kwamba jina la baba yake likitajwa, wakubwa hubadilisha mazungumzo. Alimwuliza mama yake, na mama alimwambia angoje. Sababu ya kungoja Sauda alimweleza Abdias mwenyewe, siku alipomleta binti kuandikishwa sekondari.

"Mwalimu, minyi nikimuambia baba yake alikuwa muntu muzuri, atasema mama analilia bwana yake. Bamama bote banasemaka vile. Lakini weye iko mwalimu, na ulikuwa mule mu mutumbwi. Akifika sixième, akili ikikomaa, weye njo utamuambia. Minyi nitangoya."

"Nitamuambia, mama Yasmina," Abdias alisema, na alisema kwa moyo wake wote.

Yasmina alifika darasa la sita. Shule zilipofunguliwa Abdias alisema moyoni, ngoja azoee darasa. Oktoba akasema, ngoja mitihani ya kwanza ipite. Sauda akawa anamwona sokoni, anamfungia sabuni, anamtazama tu bila kuuliza, na Abdias anauliza bei ya kitenge asichokihitaji. Na kila Jumatano kijitabu kilisogea mbele ukurasa mmoja, na Précieux alikuwa kule nyuma, anaandika.

Jumatano moja ya Novemba, mvua ikigonga mabati, zamu ya Nsamba-Mayi ikafika. Abdias alikaa. Alisoma imla kwa Kifaransa chote, akashusha sauti kidogo alipofika kwenye jina, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kuimeza nusu. Wanafunzi thelathini na wanane waliandika. Yasmina, benchi la pili, aliandika "Abedi" kwa mkono usiotetemeka, akaweka nukta, kisha akainua macho akamtazama mwalimu wake. Akatabasamu.

Baada ya kengele Abdias alimwita mlangoni, akamwuliza kama yuko salama.

"Niko muzuri, Monsieur. Hakuna neno. Ilikuwa Français tu."

"Namna gani, Français tu?"

Yasmina alishangaa kwamba anaulizwa. "Monsieur, sisi bote tunayua. Kintu ya kweli unaelezaka mu Kiswahili. Kintu ya bongo unaiachaka mu Français. Kwa sababu ya ile, tunaandika, lakini hatushike mu kichwa."

Bongo kwetu ni uongo. Akaenda zake, na Abdias akabaki ameshika fremu ya mlango. Nusu ya moyo wake iliogopa. Nusu ya pili, na hili nalisema bila kumficha, ilifurahi kama ya mtoto aliyesifiwa kanisani. Kumbe walikuwa pamoja naye muda wote. Kumbe hakuwadanganya hata siku moja! Aliapa kwamba Jumamosi hiyo hiyo atakwenda kwa Sauda, ataketi na Yasmina, na atamsimulia kila kitu, safari ya kwanza mpaka ya nne. Aligeuka kuchukua mkoba wake mezani. Précieux alikuwa bado amekaa benchi la mwisho, anafunika kalamu yake taratibu.

Ijumaa asubuhi aliitwa ofisini kwa préfet. Préfet ndiye mkuu wa shule, na huyu wetu aliitwa Nicodème, mzee aliyetumia miaka ishirini kupiga vita Kiswahili madarasani, akiwatoza watoto faini kwa kila neno lililowaponyoka. Alikuwa amesimama dirishani. Kiti chake alikuwa amekikalia Précieux.

"Mwalimu, jambo yako. Bibi iko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Aksanti kwa Mungu." Précieux alimwonyesha kiti. "Mwalimu, minyi hapana mufundishi, nilisoma kidogo tu. Lakini niliona kintu moya mu darasa yako. Bintu unapenda, unatembea, unacheka, unaeleza mu Kiswahili, batoto banasikia. Kitabu yetu, unaikala. Unadikte, unafunga, unaenda. Nikajiuliza, ni juu ya nini?"

"Sheria inasema Français," Abdias alisema, na akamtazama préfet amsaidie.

Nicodème aliendelea kuangalia mvua. "Kwa kitabu ya Muheshimiwa," alisema bila kugeuka, "unaweza eleza mu Kiswahili. Minyi naruhusu."

Précieux alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa plastiki, akakifungua kwa uangalifu mkubwa. Kilikuwa rejesta ya mahudhurio ya shule ya msingi, pembe zimeungua, karatasi zimevimba kwa maji. Akaigeuza ili Abdias asome. Chini ya ukurasa kulikuwa na saini, na saini ilikuwa yake.

"Ile shule yote iliungua, lakini hii ilipona. Bantu banachungaka bintu, mwalimu, ni ajabu! Sasa tunayua kama weye ulikuwako. Muheshimiwa alifurahi sana. Mashahidi ya ile siku, wale babakia, hawapite kidole ya mukono. Na bengine banasemasema hovyo." Alisema maneno hayo ya mwisho kwa huzuni ya kweli. "Jumatano utaeleza tena ile somo. Mu Kiswahili. Utasema, minyi nilikuwako, niliona na macho yangu. Batoto batasikia, juu weye unafundishaka muzuri. Kila muntu anasema vile."

Hakusema atafanya nini Abdias akikataa. Alifunga rejesta, akairudisha mfukoni, akauliza kama ule mlango wa nyuma wa nyumba ya Abdias, usiofunga vizuri, umekwisha kutengenezwa.

Abdias hakwenda kwa Sauda Jumamosi.

Alimweleza Béthanie yote wakiwa wanakula. Béthanie aliacha tonge la bukari hewani, akalirudisha kwenye sahani. Watoto wawili walikuwa wanagombea kipande cha samaki, na mdogo alikuwa anaimba. Aliwatazama muda mrefu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Gloire, ungekufa kule ku mayi, batoto hawa hawangekuwa," alisema. "Minyi namuombeaka Abedi kila siku, Mungu anayua. Lakini Abedi alishakufa. Ariel iko muzima, na umeona vile iko. Eleza ile somo. Yasmina utamuambia kando, kimya kimya, bantu habatasikia."

Neno hilo lilimwingia Abdias vizuri. Ataeleza hadharani, kisha atamwita mtoto kando na kumwambia ukweli. Mbona alikuwa ameshazoea kuishi hivyo, neno moja la watu na jingine la moyoni? Alijikaza kisabuni, akajiambia kwamba ataeleza vibaya. Atasema kwa ulegevu, ataboronga, watoto wataona kwamba amelazimishwa. Alilala na mpango huo siku nne, na siku ya tano ilikuwa Jumatano.

Darasa lilikuwa limefagiliwa kuliko kawaida. Préfet Nicodème alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Précieux alikuwa mahali pake, na mara hii hakufungua daftari. Abdias aliweka chaki chini, na aliposikia ule mlio mdogo wa chaki juu ya meza, akaona wanafunzi wote wanaketi vizuri na kufunga kalamu zao. Walikuwa wanajua maana yake. Yasmina alikunja mikono juu ya dawati na kungoja, uso umetulia, kwa sababu Monsieur sasa anakwenda kusema kweli.

"Minyi nilikuwako," Abdias alianza.

Hakuna hata benchi lililolia.

Alitaka kuboronga. Nawaambia alitaka kabisa. Alianza kwa ulegevu, akatafuta maneno mabovu, lakini mwalimu mzuri hajui kufundisha vibaya, mwili wake unakataa. Sentensi ya tatu ikamtoka ikiwa imesimama wima. Akaanza kutembea. Akaeleza alfajiri ya mtoni, harufu ya samaki wa moshi, mama mmoja anayepuliza moto, mlio wa kwanza ambao kila mtu alidhani ni nyavu zimeanguka. Hayo yote yalikuwa kweli, hakuyatunga. Miaka tisa yalikuwa yamemkaa kifuani, na sasa yalipata mlango. Machozi yalimjaa, na machozi nayo yalikuwa kweli. Kila alichokiona siku ile kilikuja, kikapanga foleni, na yeye akakitwika uongo mmoja baada ya mwingine. Vijana wa Mheshimiwa akawageuza watu wa msituni. Alipofika kwenye mtumbwi, akauona kabisa mbele yake, akawaonyesha wanafunzi kwa mikono urefu wake na upana wake, akataja kile kiraka cha bati, akainua nyavu. Na chini ya nyavu, pale alipokuwa amelala yeye mwenyewe, akaweka masanduku ya risasi.

"Safari tatu," alisema. "Niliona na macho yangu. Alivusha safari tatu, na mara ya ine alikimbia nabo."

Aliposema "ine" sauti ilikatika, na darasa zima likavuta pumzi pamoja. Msichana mmoja wa mbele alikuwa analia. Mvulana wa benchi la tatu, ambaye tangu Septemba alikuwa hajasikiliza hata somo moja, alikuwa mdomo wazi. Abdias alihisi ile furaha yake ya siku zote, furaha ya kuwashika wote mkononi, ikimpanda mwilini kabla hajakumbuka anafundisha nini. Hilo ndilo hakuweza kujisamehe baadaye. Kusema uongo alikuwa amejitayarisha. Kuufurahia hakujitayarisha.

Yasmina alikuwa hajakunjua mikono. Alikuwa anamtazama mwalimu wake bila kupepesa, na wanafunzi wenzake mmoja mmoja walianza kumgeukia. Hakulia. Alifungua daftari, akatafuta ule ukurasa wa imla ya wiki iliyopita, akachukua rula na kupigia mstari chini ya kila sentensi, polepole, kama wanavyofanya wakisikia kwamba jambo fulani litatoka kwenye mtihani.

Précieux alipiga makofi. Darasa likamfuata. Préfet Nicodème alinyanyuka akatoka kabla makofi hayajaisha.

Abdias alimngojea Yasmina siku hiyo mlangoni, lakini alipita katikati ya wenzake waliomwachia nafasi pande zote mbili, nafasi kubwa kuliko inavyohitajika. Alhamisi hakuja shuleni. Usiku wa Alhamisi Abdias hakupata usingizi, na Béthanie alipomgusa mgongo alishtuka kama ameguswa na mtu wa barabarani.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, alikuwa peke yake darasani akisahihisha orodha ya majina ya watahiniwa wa mtihani wa taifa. Ndiyo kazi ya mwalimu msimamizi wa darasa la sita. Kila jina likaguliwe herufi kwa herufi, maana jinsi lilivyoandikwa pale ndivyo litakavyotoka kwenye diploma, na diploma haibadilishwi mpaka mtu anakufa. Préfet angeichukua orodha kengele ikilia. Yasmina aliingia, akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Monsieur, samahani. Nataka ubadilishe jina yangu. Utoe Abedi. Andika Salumu, jina ya baba ya mama."

Abdias aliweka kalamu chini. Alijua kwamba nafasi aliyoiahirisha tangu Septemba ndiyo hii, imekuja yenyewe kwa miguu yake, na kwamba hakuna nyingine nyuma yake.

"Yasmina, ikala kwanza."

"Niko sawa, Monsieur."

"Sikia minyi. Ile nilisema Jumatano..." Akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi nusu, na katika uwanja watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira. Akashusha sauti. "Ile ilikuwa bongo. Baba yako hakuvusha risasi. Alivusha batoto. Minyi nilikuwa mule, chini ya nyavu, alinivusha minyi. Benye kuchoma ni..." Akatazama mlangoni tena. Mtu alipita kwenye baraza, na Abdias akangoja mpaka hatua zimepotea, akatazama mara ya tatu. "Ni bantu ya Muheshimiwa. Baba yako alikuwa muntu muzuri sana. Alinipa uzima. Nakuambia mu Kiswahili, Yasmina, unasikia? Nakuambia mu Kiswahili."

Yasmina alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Mama njo alikutuma," alisema.

"Hapana! Mama yako hakunituma."

"Jana nilimuuliza. Akaniambia maneno hii hii. Nyavu, batoto, safari tatu. Akasema nikuulize weye, utaniambia. Basi mulipatana." Hakukasirika. Alikuwa anasema taratibu, akifuata hatua moja baada ya nyingine, vile vile alivyomfundisha yeye mwenyewe kulinganisha mashahidi wawili. "Mama alimupenda baba. Na weye unanionea huruma, juu iko baba yangu. Nayua. Aksanti."

"Yasmina, naapa."

"Monsieur, Jumatano ulisema mbele ya bantu bote. Ulilia. Haukuangalia mulango hata mara moya." Akageuka, akautazama mlango, kisha akamtazama yeye. "Leo uliangalia mara tatu."

Abdias angeweza kusimama, akausukuma mlango wazi, akatoka nje kwenye baraza na kuupigia kelele uwanja mzima jina la Abedi na majina ya vijana wa Mheshimiwa. Hapo angeaminiwa. Alijua hivyo, na miguu yake ilijua, na miguu haikuondoka chini ya meza. Alimwona mtoto wake wa mwisho akiimba na samaki mdomoni. Aliona mlango wa nyuma usiofunga. Kule nje mtu alianza kugonga kengele.

"Préfet anakuja kuchukua orodha," Yasmina alisema.

Fomu zile hazikubali kufutwa wala kukatwa, kwa hiyo Abdias alichukua karatasi mpya, akaandika upya haraka majina machache ya ukurasa wa mwisho kwa mkono uliozoea, na alipofika kwa Yasmina akaandika Salumu kwa herufi kubwa. Yasmina alizunguka meza, akasimama begani kwake. Aliikagua orodha tangu juu hadi chini, akiweka kidole chini ya kila mstari, kuhakikisha kwamba hakuna mahali popote baba yake amebaki. Kisha akamshukuru na kwenda kupanga mstari na wenzake.